Aliomba Kufunguliwa, Akapewa Amani: Maisha ya Askofu James Hannington

Na Mchungaji Msaidizi
Maandiko: Zaburi 30, Wafilipi 4:6-7



Leo nataka tuangalie maisha ya mtu mmoja ambaye jina lake wengi wetu tumelisikia tu. Lakini kwanza nikiri jambo.

Mwaka jana mama mmoja wa kanisa letu alikuwa na mume mgonjwa. Nilienda kuwaombea mara nyingi. Siku moja, kwa moto wa maombi, nikamwambia yule mama kwamba akiamini bila shaka, mzee atainuka kitandani. Mzee hakuinuka. Tulimzika. Baada ya matanga mama alinifuata pale nje ya kanisa, akaniuliza kwa upole kabisa: imani yake ilipungukia wapi? Wapendwa, sikuwa na jibu. Mimi nimesomea biashara chuoni, nimezoea hesabu ambayo ukiweka hiki unapata kile. Kumbe nilikuwa nimeigeuza imani ikawa kama duka: weka imani hapa, pokea muujiza pale.

Swali la yule mama lilinisumbua miezi. Ndipo nikakumbuka habari za Askofu James Hannington, nikaanza kuzisoma upya. Huyu mtu aliuawa mwaka 1885 hapo Busoga, ng'ambo tu ya mpaka wetu. Siku zake za mwisho aliomba afunguliwe, na hakufunguliwa. Lakini kuna kitu alipewa, na hicho ndicho nataka tukiangalie leo.

Kijana wa duka la baba

Hannington alizaliwa tarehe 3 Septemba 1847 katika kijiji cha Hurstpierpoint, kusini mwa Uingereza. Baba yake alikuwa mfanyabiashara mwenye uwezo. James alikuwa mtoto mtundu kweli kweli. Siku moja akichezea baruti ili alipue kiota cha nyigu, ilimlipukia mkononi na akapoteza kidole gumba cha mkono wa kushoto. Shule hakuipenda. Akiwa na miaka 15 tu aliiacha, akaingizwa ofisini kwa baba yake mjini Brighton kukaa na vitabu vya hesabu.

Hapo nacheka kidogo, kwa sababu najua ile kazi. Yeye hakuiweza. Moyo wake ulikuwa safarini, kwenye mashua na milimani. Mwaka 1868 akaingia Oxford kusoma, na huko pia akajulikana zaidi kwa mizaha na kupiga makasia kuliko kwa vitabu. Alipojaribu mtihani wa kuwa kasisi mara ya kwanza, alianguka. Akarudia, na mwaka 1874 akawekewa mikono.

Sasa sikilizeni. Huyu mtu alikuwa tayari ni mtumishi wa kanisa, anavaa kanzu, anazika watu na kuwaombea wagonjwa huko mashambani Devon, lakini ndani hakuwa na amani. Alijua kazi ya dini, ila Mwenyewe hakuwa amekutana naye. Rafiki yake mmoja wa Oxford, aliyekuja baadaye kuandika maisha yake, alimwandikia barua ya kumshuhudia wokovu. Hannington akakaa muda mrefu bila kujibu. Rafiki hakukasirika. Aliendelea kuomba.

Mwishowe rafiki akampa kitabu. Hannington alikifungua, hakukipenda, akakitupa. Akakirudia. Usiku mmoja mwaka huo wa 1874 akiwa kitandani anasoma sura inayohusu msamaha wa dhambi, mwanga ukaingia. Aliruka kutoka kitandani, akaanza kurukaruka chumbani akimsifu Mungu kwamba Yesu alikufa kwa ajili yake. Wale mnaodhani kuruka kwa furaha kulianza na sisi Wapentekoste, basi mjue kasisi wa Kianglikana aliruka huko Devon zaidi ya miaka 140 iliyopita!

Amani yake ilianzia hapo, kwenye kusamehewa. Shida kubwa zilikuwa bado hazijaja. Zilipokuja, zilimkuta anayo tayari.

Kutumwa, kuugua, kurudi

Mwaka 1877 alioa, akamwoa Blanche Hankin-Turvin, na Mungu akawajalia watoto. Alikuwa mchungaji kijijini kwao, watu wanampenda, maisha yametulia. Kisha mwaka 1878 habari ikafika Uingereza kwamba wamishonari wawili, Shergold Smith na O'Neill, wameuawa ziwani Ukerewe. Ziwa lenyewe ni hili hili letu la Nyanza. Habari hiyo haikumtoka moyoni.

Mwaka 1882 alijitoa kwa chama cha wamishonari cha CMS, akasafiri hadi Zanzibar, kisha kwa miguu kuelekea ziwani kwa njia ya Mpwapwa na Uyui, karibu na Tabora. Homa ikampiga. Tumbo la kuhara likampiga. Alifika mahali anabebwa kwenye machela, na wenzake hawakutarajia aamke kesho yake. Alifika ziwani, lakini mwili ukakataa. Juni 1883 akawa amerudi Uingereza, amekonda, kazi haijafanyika.

Mtu wa hesabu angesema hiyo ni hasara tupu: nauli imeliwa, mwaka umepotea, afya imeharibika. Lakini alipopona aliomba kurudi. Tarehe 24 Juni 1884 akawekwa kuwa askofu wa kwanza wa eneo walilokuwa wakiliita Afrika ya Mashariki ya Ikweta. Januari 1885 akafika Freretown, Mombasa, kituo cha watumwa waliokombolewa.

Mei mwaka huo akawawekea mikono Waafrika wawili kuwa mashemasi: Ishmael Semler na William Jones. Hawa walitekwa utumwani wakiwa watoto, wakakombolewa, wakalelewa na kusomeshwa India. Naomba mlikumbuke jina la Jones, tutarudi kwake.

Mlango wa nyuma

Njia ya zamani ya kwenda Buganda ilizunguka kusini mwa ziwa, ndefu na yenye homa. Joseph Thomson alikuwa ametoka kupita njia mpya mwaka 1883 na 1884, kukata nchi ya Wamaasai moja kwa moja hadi Kavirondo, ndiyo nchi yetu hii. Hannington aliona hiyo ndiyo njia: fupi, yenye baridi ya milimani. Tarehe 23 Julai 1885 akaondoka Rabai na wapagazi kama 200, pamoja na William Jones.

Walipita Ukambani, Kikuyu, Baringo, wakapanda na kushuka, hadi wakafika kwa Sundu, mahali tunapopaita leo Mumias. Ilikuwa mwanzoni mwa Oktoba. Ukihesabu ni zaidi ya miezi miwili kwa miguu. Leo basi la usiku linatoka Mombasa na kesho yake uko Bumala unanunua ndizi.

Lakini kulikuwa na jambo ambalo hakulijua. Buganda alikuwa ameketi Kabaka Mwanga, kijana ambaye hajafikisha miaka ishirini, na hofu ilikuwa imemjaa. Wazee walikuwa na unabii kwamba watakaoinyang'anya Buganda watatokea upande wa mashariki, kupitia Busoga. Mwaka huo huo Wajerumani walikuwa wananyakua nchi pwani mkabala na Zanzibar. Basi Mzungu anayekuja kwa mlango wa nyuma, Mwanga alimwona adui. Tayari mwezi wa Januari 1885 alikuwa ameua vijana watatu Wakristo. Wamishonari waliokuwa Mengo, akina Alexander Mackay, walijua hatari hiyo wakajaribu kumwonya askofu. Onyo halikumfikia.

Tuseme ukweli: hofu ya Mwanga haikuwa ya kijinga. Miaka tisa baadaye, 1894, Uingereza iliitangaza Uganda kuwa nchi iliyo chini ya ulinzi wake. Na Hannington naye alikuwa mtu wa haraka, asiyependa kukaa anangoja. Mungu hutumia watu wenye haraka na wenye hofu, hana wengine.

Pale Mumias aligawa msafara. Jones akabaki na watu kama 150. Askofu, tarehe 12 Oktoba, akachukua watu 50 akaelekea magharibi. Mtu akitoka Mumias akienda Busoga lazima akate nchi hii yetu. Wakati huo hakukuwa na mpaka, hakukuwa na foleni ya trela, hakukuwa na mtu wa kugonga muhuri. Kulikuwa na njia za miguu, mashamba ya mtama na watu waliotoka kumwangalia mgeni.

Siku nane kwa Luba

Tarehe 21 Oktoba alifika kwa chifu Luba, Busoga. Alipotoka kutembea kidogo aone mto Nile kwa mbali, watu kama ishirini wakamrukia. Walimkokota, wakampiga, nguo zikachanika. Yeye alidhani ni wezi. Katika kukokotwa huko, mwili unauma, aliimba ile tenzi ya zamani ya kuwa salama mikononi mwa Yesu. Tunajua hayo kwa sababu kalenda yake ndogo ya mfukoni, aliyokuwa akiandika kila siku, iliokotwa baada ya kifo chake ikafika kwa rafiki zake.

Walimfungia kwenye kibanda kichafu chenye wadudu, walinzi wake wamelewa, watu wanakuja kumchungulia kama mnyama. Wake za chifu walikuja makundi kwa makundi kumtazama. Luba alikuwa ametuma wajumbe kwa Mwanga kuuliza afanye nini na huyu mtu, na jibu lilihitaji siku kadhaa kurudi.

Wapendwa, kungoja jibu ndiko kunakochosha. Wale mliowahi kungoja majibu ya hospitali mnajua. Wale mnaongoja mtoto aliyeenda kutafuta kazi na simu yake imezimwa, mnajua.

Na huyu mtumishi wa Mungu hakujifanya shujaa. Kalenda yake inasema wazi: alikuwa chini sana. Homa ilirudi. Kuna siku alikosa nguvu hata za kushika Biblia yake ndogo. Alimlilia Mungu amfungue. Hakuandika popote kwamba yeye hana hofu. Lakini kila siku aliifungua Biblia mahali pa Zaburi, na kila siku aliandika kwamba Zaburi zimemshikilia. Zaburi ya 27 ilimfariji. Ya 28 pia. Alisoma, akalia, akaomba, akaandika mstari mmoja au miwili. Kesho yake tena.

Siku ya nane ilikuwa Alhamisi, tarehe 29 Oktoba 1885. Asubuhi aliandika maneno machache. Hakuna habari yoyote iliyomfikia. Lakini Zaburi ya 30 imemjia kwa nguvu kubwa. Na akaongeza kwamba usiku fisi alilia karibu naye, kama amesikia harufu ya mtu mgonjwa, na yeye anatumaini bado fisi huyo hatampata. Mtu aliye kwenye kifungo, mgonjwa, hajui kesho, na bado ana nafasi moyoni ya kumtania fisi! Hiyo siyo akili ya mtu aliyevunjika.

Zaburi ya 30 ndiyo ile inayosema habari za kilio cha usiku na furaha ya asubuhi. Hiyo ndiyo aliyosoma. Siku hiyo hiyo jibu la Mwanga likafika. Waliwatoa nje, yeye na watu wake, kana kwamba wanaachiliwa waendelee na safari. Kisha wakawaua kwa mikuki. Wanaosimulia kifo chake wanasema aliwaambia wauaji wamweleze Kabaka kwamba anakufa kwa ajili ya Baganda na kwamba njia hiyo ameinunua kwa maisha yake. Alikuwa na miaka 38.

Wale wengine

Tunaposimulia habari hii huwa tunamtaja askofu peke yake. Lakini siku ile waliuawa pia wapagazi karibu hamsini. Walioponyoka ni wa kuhesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Nao walikuwa na mama zao na wake zao huko pwani. Walibeba mizigo ya mtu mwingine hadi kifo. Mungu anayajua majina yao.

Na William Jones, pale Mumias, alikuwa anangoja na watu 150. Waliobaki hai wakamfikia na habari. Hakuamini mara moja. Alikaa akingoja hadi Desemba, labda habari nyingine ije. Haikuja. Basi akawageuza watu wale, akawaongoza njia yote ya kurudi, na Februari 1886 wakafika Rabai. Mbele ya msafara walibeba bendera ya rangi ya buluu yenye neno moja jeupe: Ikabodi. Mnalijua neno hilo kutoka 1 Samweli 4, kwamba utukufu umeondoka.

Jones hakuandika kitu kizuri cha kufariji. Aliandika uchungu wake kwenye kitambaa, akautangulize mbele, na nyuma yake akatembea, akawafikisha watu nyumbani. Mimi naona hapo imani kubwa kama ya askofu mwenyewe.

Asubuhi ilikuja

Hebu tuangalie kilichofuata. Joseph Mukasa Balikuddembe, Mkatoliki wa nyumba ya Kabaka, alimkemea Mwanga kwa kumuua askofu. Akauawa tarehe 15 Novemba 1885. Tarehe 3 Juni 1886 vijana Wakristo, Waanglikana na Wakatoliki pamoja, wakachomwa moto Namugongo. Kila mwaka tarehe hiyo mnaona mahujaji wakipita hapa kwetu kwa miguu kwenda Namugongo, wengine wametoka mbali sana ndani ya Kenya.

Mifupa ya Hannington ilifika Mumias, na mwaka 1892 Askofu Tucker akaichukua. Ikazikwa kilima cha Namirembe tarehe 31 Desemba, na Mwanga mwenyewe alikuwepo. Baadaye Mwanga alipinduliwa, akapelekwa uhamishoni Ushelisheli, na huko akabatizwa jina la Danieli kabla ya kufa mwaka 1903. Mwana wa Hannington naye alikuja Uganda kuwa mmishonari, na akambatiza mwana wa yule chifu Luba. Nawaza siku ile: mtoto wa aliyeuawa anammwagia maji ya ubatizo mtoto wa aliyemfunga.

Na ile njia ya mlango wa nyuma? Leo ndiyo mlango wa mbele. Trela zote hizi mnazoziona zimepanga foleni Malaba na Busia zinaelekea kule kule alikokuwa anaelekea. Ukivuka Busia ukashika ile barabara ya Lumino kwenda Musita, utafika Mayuge, na hapo Kyando ndipo watu wa Busoga wanapomkumbuka.

Tunajifunza nini?

Kwanza, kulia si kukosa imani. Askofu alilia, aliomba afunguliwe, aliandika kwamba yuko chini. Na Zaburi alizosoma zimejaa kilio. Usimzuie mtu aliyefiwa asilie eti kwa sababu ameokoka.

Pili, someni tena Wafilipi 4:6-7, polepole. Paulo anatuambia tupeleke haja zetu zote kwa Mungu pamoja na shukrani. Halafu anasema kitakachofuata ni amani ya Mungu kulinda mioyo yetu. Hajasema kwamba kitakachofuata lazima kiwe kile tulichoomba. Na Paulo aliandika hayo akiwa kifungoni. Mungu anaponya, mimi nimeona kwa macho yangu, na tutaendelea kuombea wagonjwa kanisani humu. Lakini amani haingojei uponyaji ndipo ije. Inakuja na Yeye mwenyewe, hata kwenye kibanda cha Luba.

Tatu, amani ililetwa na tabia ya kila siku. Siku ya nane Zaburi ilimjia kwa nguvu kwa sababu siku ya kwanza, ya pili na ya tatu aliifungua ingawa alikuwa hoi. Wewe ambaye ada ya shule imekushinda, biashara ya mpakani imelala, chama kinakudai, usingojee moyo utulie ndipo usome. Fungua hivyo hivyo, mstari mmoja, kesho mwingine.

Nne, kuwa kama Jones. Kuna mtu wa ushirika wako wa nyumbani ambaye Ikabodi imemfika. Usimletee maelezo mengi. Tembea naye mpaka afike.

Nimerudi kwa yule mama. Nilimwendea nyumbani, nikamwambia kwamba imani yake haikupungukiwa na kitu. Neno nililomwambia ndilo lilikuwa limezidi. Nikamwomba msamaha. Tulikaa tukasoma Zaburi ya 30 pamoja, polepole. Alilia, na mimi nikalia. Kisha akainuka akatuwekea chai.

Maswali ya ushirika wa nyumbani

1. Ni jambo gani ulimwomba Mungu, hukulipata kama ulivyotaka? Umeshamwambia hivyo wazi?
2. Je, umewahi kumwambia mtu mwenye shida neno lililomwumiza? Utamrudia lini?
3. Someni Zaburi ya 30 yote kwa sauti, kila mtu fungu lake.

Tuombe

Baba, tunakuja na haja zetu jinsi zilivyo. Tunaomba utufungue, tunaomba utuponye, na hatuoni haya kuomba. Lakini tukikaa kifungoni siku nane, kaa nasi siku zote nane. Wakumbuke wajane na yatima wa kanisa hili. Linda mioyo yetu kwa amani yako. Katika jina la Yesu Kristo. Amina.